Anika Kungali na Jua: Maandalizi ya Masika kwa Kaya za Kigoma

Mkoani Kigoma mwaka una majira mawili tu. Kiangazi huanza Mei na kwenda hadi Septemba au Oktoba. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kutuacha mwishoni mwa Aprili, mara nyingine Mei. Hatuna vuli na masika zilizoachana kama wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam; hapa ninaposema masika nina maana ya msimu wetu wote wa mvua. Mvua zikiingia zimeingia; zinaweza kupumzika wiki moja au mbili katikati, kisha zikarudi kwa nguvu zaidi. Kaya ya Ilagala, Mwandiga, Kalinzi au Ujiji inatakiwa ipike, ile na ichemshe maji kwa karibu nusu mwaka, huku kuni za porini zimelowa, njia zinateleza, na dagaa walioanikwa asubuhi wananyeshewa adhuhuri.

Wengi wetu huanza kuhangaika mawingu yanapojikusanya juu ya ziwa. Wakati huo tumeshachelewa. Karibu kila kitu tunachokiweka akiba kinahitaji jua: kuni, mahindi, maharage, makopa, dagaa. Vyote vinagombea jua moja, uwanja mmoja na mikono ile ile ya watu wa nyumbani. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa wakisema juu ya akiba iliyowekwa ikiwa kavu. Gunia la mahindi lililofungwa na unyevu wake halifiki Krismasi likiwa salama.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama juu ya mambo mawili. Kwanza, kipange kiangazi chako kama unavyopanga msimu wa kulima, kila kitu kikipewa zamu yake ya jua. Pili, weka kile ambacho mvua itakunyima, usijichoshe na kile ambacho mvua itakuletea. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga na uyoga vitajaa tele Desemba. Havihitaji kukaushwa Julai. Nguvu zako zipeleke kwenye nishati, wanga, kitoweo na mafuta.

Kuni: Mei hadi Julai

Kuni zinatangulia kwa sababu ndizo zinazochelewa kukauka kuliko kitu kingine chochote. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukizitia jikoni kuni za namna hiyo, moto huanza kwa kuyachemsha maji yaliyo ndani ya kuni zenyewe, ndipo ubakiwe na nguvu ya kuivisha maharage. Unachoma mizigo miwili mahali pa mmoja, sufuria inachelewa, na jiko linajaa moshi. Moshi huo unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani husababisha vifo karibu milioni 3 kila mwaka duniani, na wanaoumia zaidi ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni mwake.

Kata au nunua kuni zako kati ya Mei na Juni, mwisho kabisa Julai, na uzipasue siku hizo hizo. Gogo zima lenye gome hukaa na maji yake hata kiangazi kikaisha, bali kipande kilichopasuliwa kwa unene wa kifundo cha mkono hukauka vizuri ndani ya miezi miwili au mitatu ya jua. Kipasue kingali kibichi, maana miti mingi migumu ya miombo ikishakauka shoka hugonga na kurudi.

Namna ya kupanga ni muhimu kama kupasua. Weka mawe au magogo mawili chini ili rundo lisiguse ardhi. Acha nafasi ya kiganja kati ya rundo na ukuta wa nyumba. Elekeza ubavu mrefu wa rundo upande unaotoka upepo wa kusi, ambao kiangazi chote huvuma ziwani kwa nguvu. Upepo huo unakausha kuni kuliko hata jua. Funika juu tu, kwa bati bovu au turubai, na uache mbavu wazi. Anayelifunika rundo lote kwa turubai hadi chini huufungia unyevu ndani, na Novemba atakuta kuni zimeota kuvu. Mwaga majivu kuzunguka mawe, kisha kila wiki angalia kama mchwa wameanza kujenga njia za udongo. Ukiziona, zibomoe siku hiyo hiyo.

Utajuaje kuwa zimekauka? Tazama ncha za kipande: kikiwa kikavu huwa na nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na gome huachia kirahisi. Kisha chukua vipande viwili uvigonganishe. Kuni kavu hulia kwa sauti kali na nyepesi, kuni mbichi hutoa sauti nzito iliyofifia. Jaribio hili litumie pia unaponunua kwa muuzaji, kabla hujatoa fedha.

Kiasi gani kinatosha? Pima. Wiki moja ya Juni hesabu mizigo ya kuni iliyotumika jikoni kwako, kisha zidisha kwa 26, ambazo ndizo wiki za kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Aprili. Ongeza kidogo kwa ajili ya wageni, misiba na maji ya kuoga ya mzazi na mtoto mchanga. Hesabu hiyo itakushtua, na ni vizuri ikushtue mapema.

Ikishakushtua, jambo la busara ni kuipunguza. Vilima vya kuanzia Kigoma mjini hadi Gombe vilikatwa miti hadi udongo ukaanza kuteremka na mvua, na ndiyo sababu mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE wa kushirikiana na vijiji katika upandaji na utunzaji wa misitu. Misitu ya hifadhi ya kijiji ina utaratibu wake. Uulize ofisini kabla ya kushika shoka. Kwenye kaya yako mwenyewe, loweka maharage usiku kucha kabla ya kupika, funika sufuria, tumia jiko banifu la udongo badala ya mafiga matatu yaliyo wazi. Anayekamua mawese ana kuni nyingine asizozihesabu: makapi ya chikichi na maganda ya mise, yaani kokwa za chikichi, ambayo yakikauka huwaka vizuri sana. Panda mijohoro pembezoni mwa shamba. Ukiukata mjohoro, kisiki huchipua tena, na baada ya miaka michache unavuna tena pale pale. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa mwenye mtungi wa gesi, autunze kwa ajili ya siku za mvua mfululizo na chai ya alfajiri, kuni zake kavu zifanye kazi ya maharage na ugali.

Mahindi na maharage: Juni na Julai

Baada ya kuni, zamu ya uwanja ni ya nafaka. Usianike mahindi juu ya udongo mtupu. Udongo una unyevu na una kuvu, na kuvu ndiyo huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chakula kilichowaua kilikuwa mahindi ya nyumbani kwao. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga. Kwa hiyo tandaza turubai au mkeka, geuza mara kwa mara, ingiza ndani kabla umande haujaanguka, na uchague punje zilizovunjika, zilizooza na zenye rangi ya ajabu. Ulizozichagua usiwape kuku wala ng'ombe. Sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Kipimo rahisi cha ukavu kiko jikoni. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka hadi asilimia 15 hivi. Hapo usikimbilie kufunga magunia. Kwa akiba ya miezi sita unyevu unatakiwa ushuke hadi asilimia 13 au karibu yake, kwa hiyo ongeza siku moja au mbili za jua kali baada ya chumvi kuacha kunata.

Adui wa pili ni dumuzi, yule ambaye wakulima wengi humwita Scania. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, na hapa Afrika alianza kuonekana Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea nchi hadi nchi. Gunia la kawaida halimzuii hata kidogo. Mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa humzuia kwa njia nyepesi: unafungwa kwa kukazwa, hewa ndani inaisha, wadudu wanakufa bila dawa. Mfuko huo una masharti matatu. Mahindi yawe makavu kweli, mfuko usiwe na tundu hata la sindano, na usifunguliwe katika mwezi mmoja wa mwanzo tangu ufungwe. Ukifungua kila Jumamosi kuchota debe moja, umenunua gunia la bei ghali tu.

Maharage yanafuata kanuni hiyo hiyo, na hapo dumu la mafuta la lita 20 lililooshwa na kukaushwa linafaa sana. Lijaze hadi shingoni, gonga chini ili maharage yajipange, jaza tena, kaza mfuniko. Ni bora madumu manne madogo kuliko pipa moja kubwa, kwa sababu unapofungua moja kwa matumizi ya mwezi, matatu yanabaki yamefungwa. Andika tarehe kwa mkaa au rangi.

Makopa: Julai hadi Septemba

Muhogo unaweza kukaa ardhini, na kwa hiyo wengi huuacha hadi wanapouhitaji. Lakini muhogo wa kuliwa Januari unahitaji jua la Agosti. Menya, kata, loweka siku tatu au zaidi hadi ulainike na kuachia nyuzi, kamua, ndipo uanike juu ya chanja au mkeka safi hadi makopa yavunjike kwa mlio. Makopa mazuri ni meupe. Yaliyoota madoa meusi, ya kijani au ya njano, tupa.

Siku za kuloweka usizipunguze, hasa kwa mihogo michungu, hata kama mvua inakukimbiza. Mihogo hiyo ina sumu ya sianidi inayotoka kwa kulowekwa na kukaushwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, watu walifupisha hatua hizo kwa sababu ya njaa, na wengi, wakiwemo watoto, wakapooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Miguu iliyopooza namna hiyo haiponi. Kiangazi kina siku za kutosha za kuloweka. Ugali wa bada, yaani wa muhogo, ulio salama huanza hapo.

Dagaa na migebuka: Agosti hadi Oktoba

Hapa kalenda ya wazee wetu imebadilika, na anayefuata ile ya zamani anaweza kukosa kitoweo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo ni ya jua la uhakika kuliko yote. Ziwa likifungwa wakati huo, unabaki na muda mfupi kati ya kufunguliwa kwake na mvua za kwanza. Na dagaa hawavuliwi kila usiku: huvutwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka boti zinapumzika. Ukihesabu kuanzia 15 Agosti hadi mvua zinapoanza, una vipindi vya giza viwili, pengine vitatu. Hiyo ndiyo nafasi yako yote ya kununua dagaa wa masika. Weka fedha ya dagaa pembeni tangu Julai, usiitumie kwa sherehe.

Nenda mwaloni Kibirizi asubuhi boti zinapoingia, usimame karibu na akina mama wanaoanika. Utawaona wakimimina ndoo ya dagaa wabichi wanaong'aa, wakiwatawanya kwa ufagio wa njiti hadi wasilaliane, kisha wakirudi kila baada ya muda kuwageuza. Kufikia saa nane mchana ile rangi ya fedha imegeuka kuwa nyeupe iliyofifia na migongo imejikunja kidogo. Mama mwenye uzoefu huchota konzi moja, huifinya, kisha hufungua kiganja. Dagaa wakavu huachana wote mara moja na kuanguka kila mmoja kivyake. Wenye unyevu hubaki wameshikana. Kisha humchukua mmoja na kumkunja. Mkavu hukatika, mbichi hupinda. Fanya hivyo hivyo unaponunua, na utafune mmoja ili usikilize mchanga kwenye meno.

Mchanga huo ndio hasara ya kuanika chini. Nchini Burundi, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa hili hili, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilianza mwaka 2004 kufundisha kuanika kwenye vichanja vya wavu wa waya vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini. Upepo ukapita juu na chini, muda wa kukauka ukashuka kutoka siku tatu hadi kama saa nane, na mvua ikija wavu hufunikwa haraka. Kichanja cha namna hiyo kaya yoyote inaweza kujenga kwa miti minane na wavu wa kuku, na kitatumika pia kwa makopa na nyanya. Unapopiga hesabu, kumbuka kwamba kilo 3 hadi 4 za dagaa wabichi hutoa kilo 1 tu ya wakavu.

Dagaa wana mafuta, na mafuta yakikutana na hewa na mwanga huchacha. Wafungashe kidogo kidogo, mafungu ya wiki moja, kwenye mifuko mizito au ndoo zenye mfuniko unaokaza, uweke mahali penye giza. Jua likichomoza katikati ya masika, hata kwa saa tatu, watoe uwaanike tena. Usiwapulizie dawa ya wadudu kamwe. Dawa ya ghala la mahindi si ya kitoweo.

Migebuka na samaki wengine wakubwa hawakauki kwa jua peke yake. Wapasue mgongoni, watoe matumbo, waoshe, wapake chumvi kwa kiasi cha kilo 1 kwa kila kilo 3 au 4 za samaki, na uwaache usiku mmoja au miwili wakitoa maji kabla ya kuwaanika. Wengine huwabanika juu ya moshi. Chumvi tunayo karibu: ya Uvinza imekuwa ikichemshwa kutoka kwenye chemchemi za huko kwa zaidi ya miaka 1,000, na hata siku za misafara ya biashara watu wa ziwani waliitegemea.

Mawese

Mafuta ya mawese huharibiwa na kitu kimoja kuliko vingine: maji yaliyobaki ndani. Baada ya kukamua na kuengua, yarudishe motoni, moto wa wastani, hadi yaache kutoa povu na ile sauti ya kutatarika iishe kabisa. Hapo maji yameisha. Usiendelee kuyachoma hadi yapoteze wekundu wake, kwa kuwa wekundu huo ndio mwili huugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa kikavu, jaza dumu hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, uliweke gizani. Dumu lililooshwa asubuhi na kujazwa mchana litakuharibia kazi ya wiki nzima. Lianike likiwa limepinduliwa, siku mbili.

Chupa kwa ajili ya kile kinachoiva jua likiisha

Kufungia vyakula kwenye chupa si desturi ya kila nyumba kwetu, na sehemu kubwa ya akiba yetu haiihitaji. Inafaa mahali pamoja: kwa matunda na nyanya zinazojaa wakati ambapo hakuna tena jua la kuzikausha. Maembe huiva mvua zinapoanza, yakaanguka chini ya miti na kuoza huku sote tukitazama.

Embe bichi la Septemba linafaa achari. Kata vipande, paka chumvi, anika siku moja au mbili hadi vinywee, changanya na pilipili, kitunguu saumu, bizari na siki, shindilia kwenye chupa iliyochemshwa na kukaushwa, mimina mafuta yafunike juu. Embe lililoiva lipike jamu: kilo 1 ya nyama ya embe, sukari robo tatu ya kilo, maji ya ndimu tatu au nne. Koroga hadi tone lililowekwa kwenye sahani baridi lisitiririke. Jaza chupa jamu ikiwa ya moto, funga, kisha chemsha chupa ndani ya sufuria ya maji kwa dakika 10.

Nyanya zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu uchachu wake hautoshi kila mara kuzuia vijidudu. Kwa kila chupa ya nusu lita tia kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau yaliyotengenezwa kiwandani, ambayo ukali wake haubadiliki kama wa tunda. Saga au ponda nyanya zilizomenywa, chemsha, jaza zikiwa za moto, kisha chemsha chupa zilizofunikwa kabisa na maji. Muda unategemea mahali unapoishi. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 97, si 100. Mjini Kigoma na Ujiji chemsha dakika 40. Kasulu na milimani, ambako maji huchemka mapema zaidi, dakika 45. Mifuniko iwe mipya na inayokaza. Chupa ikipoa, bonyeza katikati ya mfuniko. Ukicheza juu na chini, chupa haikufunga; kula nyanya zake leo au kesho.

Na hili nalisema kwa mkazo wote nilio nao: usifungie samaki, nyama, maharage yaliyopikwa wala kisamvu kwenye chupa kwa kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida. Kuna kijidudu cha botulinamu ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Humea ndani ya chupa isiyo na hewa na kutoa sumu inayopoozesha pumzi, wakati mwingine bila harufu wala ladha ya kukuonya. Viwanda huua mbegu hizo kwa mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121. Sufuria ya nyumbani haifiki huko. Kwa samaki tunao jua, chumvi na moshi. Vinatosha.

Paa, mfereji na maji

Akiba yote hii itakuwa bure kama paa linavuja. Septemba ingia ndani mchana, funga mlango, utazame juu: kila penye nuru patapita maji. Ziba. Chimba mfereji upande wa mlimani wa nyumba na wa ghala. Inua magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Wanaoishi ufukweni wasiweke ghala upande wa maji, kwani miaka ya karibuni ziwa limepanda na kuingia kwenye nyumba za watu.

Weka mfereji wa bati kwenye paa na pipa safi lenye mfuniko chini yake, lakini maji ya mvua za kwanza yaache yapite, kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yaachwe yatokote dakika moja nzima. Mwambao huu unakijua kipindupindu. Mei 2015 kililipuka Kagunga, mpakani mwa Burundi, kijiji kilipofurika wakimbizi. Mvua hubeba uchafu wa vyoo hadi kisimani na ziwani, na kwenye nyumba ambayo kuni zake zimelowa, maji hayachemshwi.

Kazi hii ni ya nani

Mara nyingi kazi ya akiba imeachiwa mama na watoto, huku fedha ya mavuno ikiamuliwa na baba peke yake. Hapo ndipo kaya nyingi hushindwa, hata zenye mashamba makubwa. Mwezi Juni kaeni pamoja, baba, mama, bibi na vijana, muamue mambo mawili kwa sauti. La kwanza ni nani atafanya nini. Kupasua kuni na kujenga vichanja kuna watu wake, kugeuza dagaa na kuchagua mahindi kuna watu wake, na hakuna kazi kati ya hizo iliyo ndogo. La pili ni magunia mangapi hayauzwi. Wachuuzi hufika mavuno yakiwa mengi na bei ikiwa chini. Gunia lile lile utalinunua Januari kwa bei ya juu, tena kwa debe. Hesabuni walaji, tengeni chakula chao hadi mavuno yajayo, kinachozidi ndicho cha sokoni. Bibi aliyepitia miaka ya njaa ana haki ya kusikilizwa katika kikao hicho kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kama mwaka huu huna uwezo wa kufanya yote haya, anza na kuni. Unga unaweza kukopa kwa jirani, dagaa unaweza kununua fungu, mafuta hupimwa hata kwa kijiko dukani. Kuni kavu katikati ya Februari haziuzwi popote, na bila hizo maharage hayaivi, maji hayachemki, na mtoto anakohoa usiku kucha. Noa shoka wiki hii.